Somo la nishati lianzie kwenye luku

Uniti mbili na nusu. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho kaya iliyo kwenye daraja la D1 inaweza kutumia kwa siku bila kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Ndani ya kiwango hicho uniti moja ni shilingi 100, au shilingi 122 ukishaweka VAT, tozo ya wakala wa nishati vijijini, REA, na ya mdhibiti wa nishati, EWURA. Uniti ya 76 na kuendelea inauzwa shilingi 350 kabla ya makato hayo. Kaya iliyo kwenye daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, na makato yakijumlishwa zinafika 356. Ndiyo maana mtu ananunua umeme wa elfu moja anapata uniti nane na ushee, na jirani yake, ukuta kwa ukuta, anapata mbili nukta nane, na pengine hakuna kati yao aliyewahi kuelezwa sababu.

Sijui somo zuri la nishati kuliko hili, na lipo ukutani, kwenye luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, katika mamilioni ya nyumba. Lakini ni nadra kulikuta darasani. Katika muhtasari wa Fizikia uliotumika kwa miaka mingi nchini Tanzania, kidato cha pili kilikuwa na mada nzima ya vyanzo endelevu vya nishati: maji, jua, upepo, mawimbi ya bahari na jotoardhi. Mara nyingi mwanafunzi hukariri faida na hasara za kila chanzo, akazijaza kwenye mtihani, akasahau. Kidato cha tatu anakutana na fomula za nguvu ya umeme, kwa Kiingereza, akikokotoa matumizi ya mota na hita ambazo hajawahi kuziona. Jioni anarudi nyumbani, luku inalia, mama anauliza umeme wa elfu tano ulionunuliwa juzi umekwenda wapi, na huyu aliyefaulu jaribio la Fizikia hana la kujibu. Hilo ndilo linaloniuma.

Hoja yangu ni kwamba tunafundisha nishati kuanzia mwisho. Tunamwonyesha mtoto picha ya paneli za sola na mitambo ya upepo kabla hajajua nyumba yao inatumia nini, kiasi gani na kwa sababu gani. Ajue kwanza kuhesabu, kisha ajue kubana matumizi, halafu ndipo afundishwe kuvuna jua. Mpangilio huo una sababu ya kifedha, na nitaionyesha kwa hesabu.

Maabara iliyo ukutani

Mita nyingi za luku zina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh, maana yake kitaa kikiwaka mara elfu moja, uniti moja imekwisha. Mita nyingine zina 1600 au 3200, kwa hiyo kila mwanafunzi asome ya kwao. Kwa namba hiyo na saa yenye mshale wa sekunde, ana maabara ambayo shule haikulipia hata senti.

Aanze kwa kuzima kila kitu. Kitaa kikiendelea kuwaka na kuzima, kuna kifaa kimesahauliwa kwenye soketi, au kuna hitilafu kwenye nyaya inayohitaji fundi. Kisha awashe pasi ya wati 1,000: kwenye mita ya 1000, kitaa kitawaka mara 17 hivi kwa dakika. Birika la umeme la wati 2,000 litakiwasha mara 33, na hapo lazima atulie sana asipotee hesabu. Awashe balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya unaowaka ndani: mara moja kwa dakika. Sasa aitoe, aweke ya LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribiana nayo, asubiri. Zitapita dakika karibu saba kabla kitaa hakijawaka mara moja. Mtoto aliyesimama pale kwa dakika hizo saba akisubiri hahitaji bango wala hotuba. Amekwisha kuelewa.

Palipo na mita iliyofungwa juu ya nguzo, kitaa hakionekani, lakini remoti ya luku ipo ndani. Inatosha kusoma uniti zilizobaki kila jioni saa ile ile na kuzitoa kwenye za jana. Baada ya wiki mbili mwanafunzi atakuwa na jedwali lake mwenyewe, na jedwali hilo litamuuliza maswali: kwa nini Jumapili ilikula uniti nne? Ni nguo za shule zilizopigwa pasi, ni wageni, au ni friji lililojazwa vinywaji vya moto na kufunguliwa kila baada ya muda mfupi?

Twende na mfano wa nyumba ya kawaida ya mjini. Balbu tano za LED zikiwaka saa tano kila moja, ni wati-saa 225. Runinga ndogo ya wati 50 kwa saa sita, 300. Feni ya wati 60 usiku kucha, saa nane, 480. Simu tatu kuchajiwa, 30. Pasi kwa robo saa, 250. Friji dogo lenye afya, tuseme uniti moja kwa siku. Jumla haifiki uniti mbili na nusu: ni 2.285. Kaya hii iko salama, kwa mwezi inatumia uniti 68 au 69. Sasa mtu mmoja aanze kuchemsha maji ya kuoga kwa birika, dakika kumi tu kila asubuhi. Zinaongezeka wati-saa 333, siku inafika uniti 2.6, mwezi unafika 78. Mstari umevukwa kwa dakika kumi za birika. Wala si kwamba birika ni dhambi. Ni kwamba hakuna aliyejua mstari uko wapi.

Na kuna vile visivyoonekana. King'amuzi kinachobaki kwenye umeme mchana na usiku kwa wati 10 tu hula wati-saa 240 kwa siku, karibu sawa na ile robo saa ya pasi, hata siku ambayo hakuna aliyetazama taarifa ya habari.

Friji, bati na kiyoyozi

Friji linastahili kipindi chake peke yake, kwa sababu katika nyumba niliyoieleza ndilo linalobeba karibu nusu ya matumizi, na kwa kuwa linafanya kazi kimya hakuna anayelishuku. Jaribio ni rahisi. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango wa friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja saa zote 24. Tazama nyuma: kama limegandamizwa ukutani au limewekwa jirani na jiko, joto linalotakiwa kutoka halina pa kwenda, na mashine inafanya kazi muda mrefu zaidi. Barafu iliyojenga ukuta ndani ya friza nayo inaigharimu. Friji la mtumba la miaka mingi lililonunuliwa kwa bei nafuu linaweza kuwa ndilo ghali kuliko yote yaliyokuwa dukani, na hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kumfanyia baba yake kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kisha nyumba yenyewe. Watu wa pwani walijua jambo hili kabla ya umeme kufika. Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu au ya Mji Mkongwe, Unguja, saa nane mchana wa Februari, utakuta kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, ua wa ndani unaopitisha hewa, na nje vichochoro vyembamba ambavyo kila nyumba inaitilia kivuli mwenzake. Leo tunajenga kuta nyembamba za tofali za saruji, bati lisilo na dari, dirisha kubwa la kioo likiangalia magharibi, halafu tunatafuta fedha za kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula karibu wati 900 mashine yake inapofanya kazi. Saa sita za kazi kamili ni uniti tano na zaidi, yaani mgao wa siku mbili wa ile kaya yetu.

Somo hapa halihitaji kifaa zaidi ya kipimajoto. Pima darasa lenye dari na lisilo na dari, saa ile ile ya mchana. Pima chumba chenye madirisha yanayotazamana na chenye dirisha moja. Pima chini ya mwembe. Watoto hawa ndio watakaojenga nyumba miaka kumi na tano ijayo, na makosa ya ramani hukaa miaka hamsini. Ningependa kila mmoja awe amewahi kuona kwa macho yake tofauti ya nyuzi kati ya bati tupu na dari ya kawaida kabla hajamkabidhi fundi kiwanja.

Jikoni

Tukizungumzia nishati ya nyumbani Tanzania na tukaishia kwenye taa, tumedanganya. Nishati kubwa ya nyumbani kwetu ni ya kupikia, na kaya nyingi bado hupika kwa kuni na mkaa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, zikiwamo shule, zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa. Mabadiliko haya yanapita kwenye jiko la shule, mita chache tu kutoka darasani, na ni aibu kama darasa halina habari.

Walimu wa zamani waliofundisha Sayansikimu wangetusaidia hapa. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema kuliko yaliyotiwa jikoni makavu. Sufuria lenye kifuniko huokoa moto unaopotea na mvuke. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 na kufika kwetu, hubakiza joto ambalo jiko la bati tupu hulimwaga pembeni. Chungu kilichokwisha kuchemka kikitiwa kwenye kapu lililosheheni nguo kuukuu au pamba hukamilisha wali bila mkaa zaidi. Kila moja ya haya ni jaribio la Fizikia kuhusu joto linavyosafiri, na matokeo yake yanalika.

Halafu lipo jungu la umeme la presha, ambalo mashirika kama TaTEDO yamekuwa yakilitangaza na kulifanyia majaribio ya mapishi ya Kitanzania. Kilo ya maharage ndani yake huiva kwa chini ya uniti moja, kwa sababu chombo kimefungwa, kina kihami joto pembeni, na hukata umeme chenyewe presha ikifika. Kwa daraja la D1 hiyo ni chini ya shilingi 122. Kwa T1 ni chini ya 356. Linganisha na mkaa unaoishia kwenye sufuria moja la maharage mtaani kwako, kwa bei ya leo.

Hapo mwanafunzi makini atanyoosha mkono. Atasema: mwalimu, tukipika kwa umeme kila siku tutavuka uniti 75, tutapoteza bei ya D1. Atakuwa sahihi. Serikali inamhimiza mama aache mkaa apikie umeme, na bei inamwadhibu akifanya hivyo. Hili ni swali la sera, na naamini EWURA na Wizara ya Nishati wanapaswa kulijibu. Lakini linavutia kwamba linaweza kuibuliwa na mtoto wa miaka kumi na tano mwenye jedwali la luku mkononi. Elimu ya nishati yenye thamani ni ile inayomfikisha mtoto kwenye maswali ya namna hiyo.

Sasa jua

Sasa turudi kwenye ile sababu ya kifedha. Nyumba yenye balbu tano za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano, inahitaji wati-saa 1,500 kila usiku. Kwa jua letu, tukihesabu saa nne na nusu za jua kali na tukitoa kinachopotea kwenye betri na nyaya, itahitaji paneli za karibu wati 500. Badilisha balbu ziwe za LED: wati-saa 225, na paneli ya wati 80 inatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600 za kutumia. Zinatosha kabisa nyumba ya LED, na ile nyingine zitaiacha gizani kabla ya saa nne usiku. Mwenye mtambo huo atasema sola ni uongo, ilhali kilichokosekana ni hesabu ya dakika kumi.

Hivi ndivyo mitambo mingi ya sola iliyofungwa kwa nia njema kwenye shule na zahanati ilivyokufa. Iliwashwa kwa hafla, ikaongezewa runinga, kisha friji, kisha vinyozi wa jirani wakaja kuchaji mashine, betri ikanyonywa mpaka ikafa, na hapakuwa na mtu kijijini aliyefundishwa kuisoma chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri. Paneli bado ziko juu ya bati, nzima, zikipigwa na jua.

Zanzibar wanatuonyesha njia nyingine. Visiwa hivyo hupata umeme kwa nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka bara, na Unguja inakumbuka vizuri kilichotokea zilipoharibika: mwaka 2008 giza la takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009, giza la miezi mitatu. Tangu 2015, Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna kituo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzia Tilonia huko Rajasthan, India. Hapo akina mama wa vijijini, wengi wao wasio na elimu kubwa ya darasani, hujifunza kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kwa mikono, kwa kutambua vipuri kwa sura na rangi zake, kisha hurudi vijijini kwao wakiwa mafundi. Kama bibi asiyesoma sana anaweza kuufungua mtambo na kuurekebisha, sioni kwa nini mwanafunzi wa sekondari aishie kuchora mshale kutoka kwenye jua kwenda kwenye paneli.

Bara nako kuna pa kuwapeleka. Kikuletwa, wilayani Hai, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu kwenye kituo cha zamani cha umeme wa maji. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Mtoto aliyeishi na mgao wa umeme anapaswa kujua uhusiano wa mvua, bwawa na taa ya chumbani kwake, na kujua pia kwamba gesi ya Songo Songo, pamoja na manufaa yake yote, haimo kwenye orodha ya nishati jadidifu.

Na kwa shule yenyewe, kuna wazo la kuazima kutoka Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1994 mji huo ulianzisha mpango ulioitwa fifty/fifty: shule ikipunguza matumizi yake ya nishati, nusu ya fedha iliyookolewa inabaki shuleni na nusu inabaki kwa halmashauri ya mji. Wanafunzi ndio wanaozunguka kupima, kuzima na kuziba mianya. Mpango ukaenea katika shule nyingine nyingi za Ujerumani na za Ulaya. Halmashauri zetu zinaweza kufanya hivyo hivyo bila mkopo wala mfadhili. Shule yenye luku inunue umeme kama kawaida kwa muhula mmoja, wanafunzi waandike matumizi, muhula unaofuata wabane. Kinachookolewa, nusu inunulie maabara multimita na paneli ndogo za kujifunzia.

Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, ikiwa na mkondo wa amali na ahadi ya kumpa mwanafunzi ujuzi badala ya kukariri. Ahadi hiyo inapimika hapa. Sote tunajua shule zetu hufundisha kinachotahiniwa. Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa Baraza la Mitihani: katika mtihani wa vitendo wa Fizikia, wekeni swali moja la luku. Mpeni mtahiniwa jedwali la wiki mbili la nyumba moja, orodha ya vifaa na wati zake, na bei za D1 na T1. Mwulizeni umeme umekwenda wapi, nini kizimwe, na paneli ya ukubwa gani ingeitosha nyumba hiyo. Swali likishatokea mara moja, mwaka unaofuata kila mwalimu wa Fizikia nchini atakuwa amewapeleka wanafunzi wake mbele ya mita.